Danai Gurira Hakusubiri Jina

Waafrika Mashariki wa Minneapolis na Saint Paul wanapokusanyika, iwe kwenye harusi, kwenye harambee ya kusafirisha maiti au sebuleni kwa mtu kule Brooklyn Park, mazungumzo yakigusa wasanii hukosi kusikia kauli moja. Msanii atafute jina kwanza. Akishalipata, ndipo awasemee wanyonge, afungue taasisi yake, aalikwe kwenye mikutano mikubwa. Kabla ya hapo harakati ni kelele za mtu asiyesikilizwa, na kuandika tamthilia ni kujitafutia njaa. Ukibisha, unaletewa ushahidi wa jirani: Danai Gurira, Mzimbabwe aliyesoma Macalester, chuo kilichopo papa hapa Saint Paul. Si unamwona? Alipata Hollywood, Hollywood ikampa jina, na jina ndilo lililomfikisha Umoja wa Mataifa.

Kauli hii haiishii Minnesota. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ndiyo sera isiyoandikwa ya mashirika mengi yanayotafuta sura ya kubandika kwenye bango la kampeni. Inasikika kama busara, tena busara ya watu waliotoka mbali na wanaojua gharama ya kukosea njia. Lakini ni kauli ya uongo, na uongo wake unajianika palepale inapodai kuwa na ushahidi. Ukizipanga kazi za Gurira kwa miaka yake, unakuta jina lilikuja mwisho.

Tuanze na tarehe, maana tarehe hazina upendeleo. Gurira alizaliwa mwaka 1978 Grinnell, Iowa, ambako baba yake alikuwa akifundisha kemia. Mwaka 1983 wazazi wakarudi Harare, Zimbabwe ikiwa na miaka mitatu ya uhuru, na huko ndiko alikokulia. Akavuka tena bahari kuja kusomea saikolojia Macalester, chuo alichohitimu Kofi Annan mwaka 1961, naye akahitimu mwaka 2001. Kisha akaenda Chuo Kikuu cha New York kusomea uigizaji, akamaliza mwaka 2004. Mpaka hapo ni msichana mwenye shahada mbili ambaye hakuna anayemjua zaidi ya ndugu, walimu na wanafunzi wenzake.

Mwaka uliofuata, 2005, yeye na mwenzake wa darasani, Nikkole Salter, walipandisha jukwaani New York tamthilia waliyoiandika na kuiigiza wao wawili, In the Continuum. Ni kisa cha mwanamke wa Harare na mwanamke wa Los Angeles. Wote ni wajawazito, wote wanagundua kwamba wana virusi vya UKIMWI, na kila mmoja anakuta jamii yake inataka anyamaze. Tamthilia hiyo ilipata tuzo ya Obie. Mwaka 2007 ikatoka filamu The Visitor, alimocheza Zainab, Msenegali asiye na makaratasi anayeuza mapambo barabarani New York. Mwaka huohuo akasafiri hadi Liberia kuzungumza na wanawake walionusurika vita, na mwaka 2009 mazungumzo hayo yakazaa Eclipsed. Mwaka 2011 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Almasi, taasisi inayowakutanisha wasanii wa jukwaa wa Zimbabwe na wenzao wa Marekani ili kufundishana na kuandaa michezo mipya. Mwanzoni mwa 2012 ikaja The Convert, inayomhusu msichana wa Kishona wa miaka ya 1890 anayekimbia ndoa ya kulazimishwa, akaangukia mikononi mwa dini iliyokuja na wakoloni.

Ni Oktoba 2012, baada ya yote hayo, watazamaji wa televisheni walipomwona kwa mara ya kwanza akiwa Michonne katika The Walking Dead, upanga mkononi. Black Panther, filamu iliyomfanya Okoye, jemadari wa walinzi wa Wakanda, ilitoka Februari 2018. UN Women ilimtangaza kuwa Balozi Mwema Desemba mwaka huohuo. Kutoka In the Continuum hadi Okoye ni miaka 13. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Sisi tunawaambia watoto wetu watafute pete kwanza, kidole kitaota baadaye.

Watetezi wa jina hawakati tamaa hapo. Watasema hizo zilikuwa sanaa tu, na harakati zilianza siku alipokabidhiwa kipaza sauti. Hapa ndipo kosa lao kubwa lilipo, maana wanadhani harakati ni hotuba. Basi tuitazame Eclipsed kwa karibu.

Tuko Liberia mwaka 2003, kambi ya waasi, kibanda kibovu. Ndani wanaishi wanawake waliotekwa na kufanywa wake za kamanda, na wanaitana kwa namba. Wa Kwanza amekaa kifungoni miaka mingi kiasi kwamba jina lake la kuzaliwa halina tena wa kulitamka. Wa Tatu ana mimba. Wa Nne ni binti mdogo, aliyefichwa chini ya beseni ili kamanda asimwone. Wa Pili amechoka kuwa mke wa namba, amechukua bunduki na kujiunga na wapiganaji, na sasa anarudi akiwa na magunia ya vitu vilivyoporwa, akimshawishi yule binti amfuate. Kamanda mwenyewe haonekani jukwaani hata mara moja. Tunachokiona ni wanawake wakiinuka ghafla na kujipanga mstari, macho mbele, mpaka mmoja wao anajua kwamba ameonyeshwa kidole. Anatoka. Anaporudi anachukua maji na kitambaa, anajifuta, kisha maongezi yanaendelea pale yalipokatikia.

Maongezi yenyewe yanachekesha. Binti anajua kusoma, na wamepata kitabu kilichochanika kinachosimulia maisha ya Bill Clinton. Kila jioni anawasomea. Wanapofika kwenye mkasa wa Monica Lewinsky hawahitaji mfasiri: Clinton ni kamanda mkubwa, Hillary ni Mke wa Kwanza, na huyu Monica ni Namba Mbili. Mtazamaji anaangua kicheko, na kicheko kikiwa bado mdomoni anatambua kwamba wanawake hawa wameipima Ikulu ya Marekani kwa kipimo pekee walichoachiwa. Ripoti ya mkutano itakupa idadi ya waliobakwa. Haitakupa mwanamke anayemtania mwenzake kuhusu wigi huku akisubiri kuonyeshwa kidole. Baada ya kukaa na watu hao kwa saa mbili huwezi tena kuwaita wahanga kwa ujumla wao, na huko kuwanyima wasikilizaji jina la jumla ni kazi ya kisiasa kuliko hotuba nyingi za jukwaa la New York.

Tena angalia ilivyotengenezwa. Ilianza na picha gazetini ya mpiganaji wa kike wa Liberia aliyejulikana kama Black Diamond. Gurira angeweza kuandika kutokana na ile picha akiwa New York, na wengi wangemsifu. Alikwenda Liberia akasikiliza. Mhusika Rita, anayeingia kambini kutafuta mabinti waliopotea, ametoka katika lile vuguvugu la wanawake wa Liberia wa mwaka 2003 waliokaa juani wakiwa na nguo nyeupe mpaka wababe wa vita wakaenda kwenye meza ya mazungumzo, vuguvugu ambalo kiongozi wake, Leymah Gbowee, alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2011. Kusafiri, kusikiliza, kuandika na kuandika upya vilikuwa ndiyo harakati. Vipaza sauti vilikuja kuokota kilichokwisha vunwa.

Na sasa tuseme la mwigizaji Lupita, kwa sababu Wakenya wa Minneapolis na Saint Paul wanalo tayari mdomoni. Eclipsed ilifika Broadway mwaka 2016 kwa kuwa Lupita Nyong'o alikuwa na Oscar. Bila yeye nani angelipa tiketi? Sawa. Lakini Lupita aliipata wapi tamthilia hiyo? Aliipata Yale mwaka 2009, akiwa mwanafunzi, alipopewa kazi ya mwigizaji wa akiba katika onyesho la Eclipsed pale chuoni. Akakaa nyuma ya pazia na maneno ya yule binti kichwani, na hakuitwa kuyasema. Alipopata Oscar mwaka 2014 na kuanza kuulizwa anataka nini, alirudi kwenye ule muswada. Onyesho la Broadway likawa la kwanza katika historia ya majumba ya huko ambalo mwandishi, mwongozaji na waigizaji wote walikuwa wanawake weusi, mwongozaji akiwa Liesl Tommy wa Afrika Kusini, na maonyesho yakatumiwa kuwakumbuka wasichana waliotekwa, wakiwamo wale 276 waliochukuliwa shuleni Chibok, Nigeria, Aprili 2014. Jina lilifanya kazi, hilo sikatai. Lilifanya kazi kwa sababu kulikuwa na kitu cha kufanyia kazi, kilichoandikwa na mtu ambaye alipokuwa akikiandika hakuwa staa. Nyota mwenye Oscar asiye na muswada kama huo huishia kutangaza manukato.

Kuna ushahidi mzito zaidi dhidi yangu, na wapinzani wangu wangefanya vizuri wautumie. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba Americanah, riwaya ya Chimamanda Ngozi Adichie, itakuwa mfululizo wa televisheni wa HBO Max, Gurira akiandika na kuusimamia, Lupita akiwa mhusika mkuu. Mwaka 2020 Lupita alijitoa kwa sababu ya kugongana kwa ratiba, na HBO Max ikaufuta mradi wote. Kalamu ya Gurira, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuwa Michonne na Okoye, haikutosha. Je, hilo si jibu?

Ni jibu la swali jingine. Linatuambia nani anashika pesa kwenye televisheni, wala hilo halikuwa siri. Kampuni ilikuwa imenunua sura, sura ilipoondoka ikafunga mlango. Linganisha na jukwaa. Eclipsed ilikuwa imekwisha onyeshwa Washington, Los Angeles na Yale mwaka 2009. Mwaka 2010 kundi dogo la Frank Theatre likaileta Minneapolis, katika jimbo lenye moja ya jamii kubwa kabisa za Waliberia nje ya Liberia. Hapakuwa na staa hata mmoja, na mwandishi wake alikuwa bado miaka miwili nyuma ya Michonne. Mradi uliosimama juu ya jina ulianguka siku jina lilipotoka, na tamthilia iliyosimama juu ya maandishi inaigizwa na yeyote mwenye waigizaji watano na chumba. Kama kisa cha Americanah kina funzo kwa kijana wa Brooklyn Center, basi ni kwamba asijenge nyumba yake yote kwenye kiwanja cha mwenye pesa.

Miji hii ilikwisha kujaribu ile njia nyingine, ya kusubiri kuchaguliwa, na matokeo yake tunayajua. Mwaka 2011 watafuta waigizaji wa filamu ya Captain Phillips walikuja Cedar-Riverside, mtaa wa Wasomali, wakafungua usaili kwenye kituo cha jamii cha Brian Coyle. Watu zaidi ya 700 wakajitokeza. Wanne wakachaguliwa, wote wanaume, wote kucheza maharamia. Mmoja wao, Barkhad Abdi, aliyekuwa hajawahi kuigiza, alifanya kazi iliyompa BAFTA mwaka 2014 na kumfanya awanie Oscar. Sifa zake anastahili kila moja. Lakini tuangalie mpango wenyewe. Alilipwa dola 65,000 kwa filamu iliyoingiza zaidi ya dola milioni 200, na baada ya kupiga picha akarudi Minneapolis kuuza simu dukani kwa kaka yake. Wale mamia waliobaki walirudi nyumbani bila kitu mkononi, maana foleni haimwachii mtu ujuzi. Na kwa maharamia wanne wa kiume, dada mwenye kipaji aliyeishi kwenye maghorofa ya mtaa uleule hakuwa na nafasi ya kugombea.

Miaka mitano baadaye jina kubwa lilikuja kwa miguu yake. K'naan, mwanamuziki Msomali ambaye wimbo wake uliimbwa dunia nzima wakati wa Kombe la Dunia la 2010, alikuwa akiandaa mfululizo wa HBO kuhusu Wasomali wa Minneapolis, pamoja na Kathryn Bigelow, mwongozaji mwenye Oscar. Kwa hesabu ya sebuleni hapo pana kila kitu: jina, pesa, damu moja na wahusika. Septemba 2016 K'naan akapanda jukwaani kwenye tamasha la mtaani Cedar-Riverside, na vijana wakamzomea mpaka tamasha likavurugika, polisi wakaingia. Walihofia kwamba watoto wa mtaa wao wangeonyeshwa kama mawindo ya magaidi na si zaidi. Huenda hofu yao ilizidi kiasi, hatutajua, kwa sababu HBO haikuuendeleza mradi huo. Tunachojua ni kwamba jina halikununua imani ya mtaa hata kwa jioni moja.

Familiar, tamthilia ya Gurira iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2015, inaingia kwenye nyumba hizihizi bila kubisha hodi kwa jina. Ni kitongoji cha Minneapolis, majira ya baridi. Wazazi ni Wazimbabwe waliofanikiwa, binti mkubwa ni mwanasheria na anaolewa na Mzungu, na shangazi amewasili kutoka Zimbabwe akidai taratibu za mahari zifuatwe. Mshenga hapatikani, kwa hiyo kazi inamwangukia kaka wa bwana harusi, kijana wa Kizungu asiyejua hata anatumwa kusema nini. Baba anatundika ramani ya Zimbabwe ukutani. Mama anaiondoa na kurudisha picha yake. Baba anaitundika tena. Binti mdogo, msanii, ndiye anayeuliza kwa uchungu kwa nini hakufundishwa Kishona nyumbani. Ukiondoa majina ya Kishona ukaweka ya Kikikuyu, ya Kichaga au ya Kiluo, hakuna kitu cha kubadilisha. Mwaka 2018 Guthrie, jumba kubwa la tamthilia ukingoni mwa Mississippi, liliionyesha hapahapa Minneapolis. Tamthilia ilikuwa imekwisha pita Yale na New York kabla mtu yeyote hajamwona Okoye. Nyumba zetu zilifika kwenye jukwaa hilo kwa sababu kuna mtu alizitazama kwa jicho la mwandishi tangu akiwa mwanafunzi mtaa wa pili, wakati sisi tukimwambia asome unesi.

Hilo la unesi nalo tulikabili, maana ndilo kiini cha hofu. Mama anayefanya shifti mbili kwenye nyumba za wazee atasema: huyo Danai wako baba yake alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, mama yake mkutubi, na yeye alizaliwa Iowa. Hakuwahi kukesha akifikiria makaratasi. Mwanangu mimi akikosea njia, nani atamshika? Mama huyu hakosei hata neno. Gurira alianza na akiba ambayo wengi wetu hatuna, na anayewaambia vijana wafuate ndoto zao bila kutaja akiba hiyo anawadanganya. Lakini ile akiba haikumnunulia jina. Ilimnunulia muda wa kuandika kabla hajajulikana. Kama hivyo ndivyo, swali kwa mzazi na kwa jamii ni namna ya kumpatia muda huo asiyekuwa na baba profesa.

Saint Paul ilikwisha lijibu swali hilo kabla Gurira hajafika. Mwaka 1978 alihamia hapa mtu mweusi asiyemaliza sekondari, August Wilson. Aliandika maandishi ya maonyesho ya Makumbusho ya Sayansi ya Minnesota, akapika kwenye shirika la hisani, na usiku akaandika tamthilia. Kituo cha waandishi wa tamthilia, Playwrights' Center, wakati huo kikiwa Minneapolis, kikampa ufadhili. Penumbra, jumba la Waamerika weusi lililofunguliwa Saint Paul mwaka 1976, likaonyesha kazi yake mapema miaka ya 1980. Hakuwa na jina. Alikuwa na kazi ya mchana, kiasi kidogo cha pesa na watu waliokubali kuigiza alichokiandika. Taasisi hizo zipo mpaka leo, zinafikika kwa basi kutoka mitaa yetu, na wengi wetu hatujawahi kuingia.

Wala tusijidai kwamba jambo hili ni la Marekani. Tanzania ilikuwa na Amandina Lihamba na Penina Mlama, wahadhiri wa sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lihamba ndiye aliyecheza Samehe, mwanamke aliyenyamaza miaka mingi wodini, katika Maangamizi, filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kuwania Oscar mwaka 2001. Mlama aliandika Hatia na Nguzo Mama kwa Kiswahili. Mwaka 1996 walianzisha Tuseme. Wasichana wa sekondari wenyewe wanachunguza yanayowakwamisha shuleni, mimba, unyanyasaji, kazi za nyumbani, wanatunga mchezo, wanauigiza mbele ya walimu na wazazi, kisha mjadala unafunguliwa na wakubwa wanalazimika kujibu. FAWE, shirika linalotetea elimu ya wasichana, liliuchukua mfumo huo na kuusambaza katika nchi nyingine za Afrika. Hakuna staa aliyehitajika. Na Zimbabwe alikokulia Gurira ilimpokea Mkenya Ngũgĩ wa Mirii, aliyeshiriki kuandika mchezo wa wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wa mwaka 1977 na baadaye kulazimika kukimbia nchi yake. Alitumia miaka iliyobaki ya maisha yake kujenga vikundi vya michezo ya jamii huko, mpaka alipofariki mwaka 2008. Serikali ya Kenya haikuliogopa jina lake. Iliogopa wakulima wa Limuru waliokariri maneno.

Weka kando ya hayo desturi yetu ya sasa. Shirika linapata fedha za kampeni dhidi ya ukatili wa kijinsia. Linamtafuta mwigizaji mwenye wafuasi wengi mtandaoni, linamkabidhi fulana na karatasi yenye maneno yaliyoandikwa ofisini, anapigwa picha akiwa na watoto, mkataba unaisha, anatangaza sabuni. Si kosa lake, ameambiwa tangu utotoni kwamba jina ndilo mtaji. Kosa ni la aliyedhani kwamba wafuasi ni wasikilizaji. UN Women ilipomchukua Gurira mwaka 2018 bila shaka ilimtaka na umaarufu wake, lakini alikwenda pale na miaka kumi na mitatu ya kuandika juu ya ubakaji vitani, UKIMWI na ndoa za kulazimishwa, na alikwisha kufundisha uandishi na uigizaji Liberia, Zimbabwe na Afrika Kusini. Hakuhitaji mtu wa kumwandikia karatasi.

Kauli ya jina kwanza ina madhara ya kweli, na ndiyo sababu haifai kuachwa ipite kama porojo za harusini. Inawafanya wenye vipaji wakae foleni wakati wangekuwa wanafanya kazi. Inawapa wenye pesa uwezo wa kuamua ni hadithi gani ya Kiafrika inastahili, kwa kuwa wao ndio wanaogawa majina. Na inampa kila mmoja wetu udhuru: hatumsaidii msichana anayeandika leo kwa sababu hajawa mtu, na akishakuwa mtu hana haja nasi.

Jumuiya zetu za Minnesota hukusanya pesa kila mwaka kumleta staa kutoka Nairobi au Dar es Salaam kwa usiku mmoja: tiketi ya ndege, hoteli, ukumbi, picha, basi. Chukueni gharama ya staa mmoja, mpeni binti mmoja wa Brooklyn Park nauli na miezi michache ya kukaa na mama zetu wa nyumba za wazee, awasikilize, aandike, kisha mchezo wake usomwe kwa sauti ukumbini mbele yao, kwa Kiswahili au lugha yoyote atakayochagua. Mchezo wa kwanza unaweza kuwa mbaya. Mwacheni aandike tena mwaka unaofuata, kwa sababu huo ndio muda ambao Gurira alikuwa nao na ambao mtoto wetu hana. Kama hamko tayari kulipia muda huo, acheni kumtaja Danai Gurira kama mfano wenu.